Na mchoraji je?

Newala, mwisho wa Januari

Kila mwaka majira haya Wamarekani hutangaza tuzo zao za vitabu vya watoto, nami huzifuatilia kama wengine wanavyofuatilia usajili wa dirisha dogo. Vitabu vyenyewe sitaviona, najua. Lakini bando likiwepo nasoma majina ya washindi mpaka la mwisho, huku uji unapoa.

Medali ya Newbery, iliyoanza kutolewa 1922, humwendea mwandishi. Hiyo haina maswali. Hata kwetu anayeitwa jukwaani ni mwandishi. Inayonikalisha nikiwaza ni Caldecott, ya tangu 1938. Hiyo ni ya mchoraji. Maneno yanaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, lakini medali anavaa aliyeshika brashi.

Mimi nafundisha darasa la pili. Anayedhani picha ni mapambo ya kitabu aje akae dawati la nyuma siku moja tu. Watoto wangu wengi walianza shule na Kimakonde cha nyumbani. Kiswahili wanaendelea kukipata darasani na kwenye kiwanja cha mpira. Ukiwapa kitabu kipya hawaanzi na maneno. Wanaanza na picha: wanabishana, huyu ni mama, hapana, ni shangazi, mbona amekasirika, nani kaiba kuku. Hadithi inakuwa imeshapatikana kabla sijafungua mdomo. Mara nyingine ni tamu kuliko iliyoandikwa (waandishi mnisamehe). Halafu ndipo wanayageukia maneno, kwa sababu sasa wana hamu ya kujua nani alikuwa sahihi.

Sasa mchoraji akikosea?

Mwaka jana tulipata kitabu cha ziada chenye picha ya mkorosho. Majani mazuri, bibo (tunda lake) jekundu linang'aa, na korosho, ambayo huning'inia chini ya bibo, imewekwa juu, pale bibo linaposhikana na tawi. Hapa Newala! Kwa watoto ambao msimu ukifika wanaokota korosho kabla ya kengele ya asubuhi! Darasa lililipuka. "Madam, bibo limebeba korosho kichwani!" Mwingine, kwa sauti ya mzee wa baraza: "Aliyechora hii hana hata mkorosho mmoja."

Nikajaribu kuendelea. Ukurasa uliofuata babu anapeleka korosho mnadani na kulipwa fedha taslimu papo hapo. Wakatazamana. Hawakuamini tena chochote mle ndani, ingawa hilo la malipo (huku fedha za mnada huja baadaye, si papo hapo), nadhani, lilikuwa kosa la mwandishi.

Simlaumu sana mchoraji yule. Pengine aliletewa mistari miwili kwenye karatasi na kuambiwa kazi inatakiwa Ijumaa, na korosho alizowahi kuziona ni zile za kwenye pakiti, zimeshakaangwa na kutiwa chumvi. Nani angemlipia nauli ya kuja huku kuutazama mti?

Kwetu tunayo Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa Aprili tangu 2023. Nilifurahi hadithi za watoto zilipoingizwa. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na kazi yake huchapishwa. Ni jambo kubwa, sitaki kulibeza. Ila kinachoshindanishwa ni mswada, yaani maneno. Picha zinakuja baadaye, majaji wakiwa wamesharudi makwao na hundi imeshakabidhiwa. Kwa riwaya hakuna neno. Kwa kitabu cha mtoto wa miaka minane, hapo ndipo ninapokwama.

Nililisema hili ofisini, mwenzangu wa darasa la nne akanijibu bila kuinua macho kwenye madaftari: "Mtihani wa upimaji hauulizi picha, dada." Ni kweli hauulizi. Lakini hao wanaomfikia darasa la nne wakiwa wanasoma kwa hiari, aliwavuta nani?

Kuna kitabu cha Marekani kinaitwa Moja Means One, cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja hadi kumi. Maneno ni ya Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda. Picha ni za mumewe, Tom Feelings. Mwaka 1972 kilipata heshima ya Caldecott, si medali yenyewe, ile ya wanaofuatia. Mwaka 1975 wakaipata tena kwa kitabu cha alfabeti ya Kiswahili. Kwa hiyo namba zetu na herufi zetu ziliheshimiwa huko kabla mimi sijazaliwa, na zilipenya kwa mlango wa picha. Hilo linanifurahisha na kuniuma kwa pamoja.

Maana si kwamba hatuna mikono. Vinyago vya Wamakonde viko katika makumbusho za Ulaya. Edward Saidi Tingatinga alitokea Tunduru, barabara hii hii ukishapita Masasi. John Kilaka, anayechora kwa mtindo huo wa Tingatinga, vitabu vyake vya picha vimechapishwa Uswisi. Katika kabati la shule yetu sijawahi kukikuta hata kimoja.

Ningekuwa na sauti huko juu ningeomba kipengele kimoja tu kiongezwe: kitabu cha picha kilichokwisha kuchapishwa, hundi mbili, ya mwandishi na ya mchoraji, zenye kiasi sawa. Na kati ya majaji awemo walau mwalimu mmoja wa madarasa ya chini, mtu aliyewahi kuchekwa na watoto sitini kwa kosa ambalo si lake.

Aprili si mbali. Kitabu kilichoshinda kikitufikia, nitaanza na ule ukurasa wa mbele wenye maandishi madogo, nione kama jina la mchoraji limeandikwa.