Poda ya Keram na Andiko la Mradi: Siku Moja Maishani Mwangu, Ngamiani

Saa 12 asubuhi

Watu wakisikia naendesha klabu ya vijana hudhani siku yangu huanza jioni, mpira ukishaanza kudunda. Jioni ndiyo raha ya kazi hii. Asubuhi ni ya makaratasi, na leo yapo ya kutosha: kuna andiko la mradi dirisha lake linafungwa saa 11 jioni kwa saa za huko kwa mfadhili, Ulaya. Kwetu hiyo ni saa 1 usiku.

Klabu iko Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina. Ni nyumba ya kupanga. Chumba cha mbele kina meza mbili za keram, cha pili kina kompyuta na cherehani, halafu kuna stoo, na uani mti mkubwa wa mkungu ambao ndio ukumbi wetu wa mikutano. Nikifika, kitu cha kwanza naangalia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Uniti zimebaki za kufika jioni tu. Nanunua kwa simu, kwa hela yangu, naandika kwenye daftari kwamba klabu inadaiwa. Daftari hilo nisingependa mume wangu alione.

Saa 2

Mhasibu wetu wa kujitolea amefika na bahasha ya risiti. Kazi ya kwanza ni kuzitoa kopi. Risiti za mashine ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na joto la Tanga mnalijua. Ukiiweka kwenye faili ikiwa nzima mwezi wa tatu, mkaguzi akija mwezi wa kumi na mbili anakuta karatasi nyeupe kama kanzu ya Idi. Kwa hiyo kila risiti hutolewa kopi siku ileile, hubanwa pamoja na kopi yake, na vocha hukaa juu. Kijana anayetaka kujua uendeshaji wa taasisi ni nini, mimi humkalisha hapa kwanza kabla ya kumpa kipaza sauti.

Kuna risiti moja iliyotuletea mjadala mkubwa ukaguzi uliopita: poda ya watoto, makopo kadhaa. Mkaguzi akauliza kwa upole kabisa, klabu ya vijana inanunua poda ya watoto ya nini? Nikampeleka chumba cha mbele, nikanyunyiza poda kwenye meza ya keram, nikampa kete apige. Bila poda kete hazitelezi. Unga wa sembe tulishaujaribu, unaganda. Alicheza mchezo mzima. Siku hizi kwenye bajeti tunaandika “vifaa vya michezo”, na maelezo yake pembeni.

Saa 3 na nusu

Nasindikiza vijana wawili halmashauri. Wana kikundi cha kufyatua matofali, na wanaomba mkopo wa ile asilimia 10. Niieleze hapa, maana mtaani kila mtu ana toleo lake. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba. Ulisimamishwa 2023 baada ya kelele za marejesho mabovu na vikundi hewa, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Unakwenda kwa kikundi chenye usajili, katiba na akaunti ya benki. Klabu yangu haiupati hata senti, wala haistahili, kwa sababu sisi hatufanyi biashara ya kurejesha. Lakini sipiti sokoni bila mama mmoja kuniuliza, “Anti, ile asilimia kumi ya wanetu mmeiweka wapi?”

Afisa yuko kikaoni. Tunakaa kwenye benchi. Nawauliza vijana maswali watakayoulizwa: tofali moja linatumia saruji kiasi gani, linauzwa bei gani, mvua za masika zikija mtakausha wapi? La mvua hawakulifikiria. Wanatazamana, mmoja anatoa kalamu anaanza kupiga hesabu ya turubai nyuma ya bahasha. Kwangu safari imeshalipa. Afisa anatokea, anapitia karatasi, anasema muhtasari wa kikao cha kikundi hauna saini za wanachama wote. Turudi keshokutwa. Sawa.

Saa 5

Kodi ya nyumba. Mwenye nyumba ni mzee wa makamo ya babu yangu, yuko barazani na wenzake, kahawa chungu na kashata, mjadala ni Coastal Union. Kila mzee wa Tanga atakukumbusha kwamba Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa wa nchi 1988, na kila mmoja alikuwepo uwanjani Mkwakwani. Ukihesabu wote waliokuwepo, uwanja ungepasuka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea amana yangu?”

“Nimeleta. Ila kama kawaida, asilimia 10 tumeikata, imekwenda TRA kwa jina lako. Karatasi yake hii hapa.”

“Nyumba hii alijenga marehemu baba. Huyo TRA hakubeba hata tofali moja.”

Wenzake wanacheka. Hii ni zuio la kisheria: taasisi inayopanga hukata sehemu ya kodi ya pango na kuiwasilisha serikalini kwa niaba ya mwenye nyumba. Usipokata, mamlaka wanakudai wewe. Nyumba nzuri tuliwahi kuikosa kwa ajili hiyo, mwenyewe hakutaka kusikia habari ya kukatwa. Mzee huyu hulalamika kila mara na kila mara husaini, ila lazima ninywe kahawa kwanza. Nimekunywa vikombe viwili.

Saa 6 mchana

Simu ya video na afisa wa mfadhili. Ni dada mchangamfu, anajua kazi yake, na leo anataka kupitia bajeti kabla hatujaituma. Hapa ndipo siku ilipo, niruhusuni nikae kidogo.

Wafadhili wengi wanapenda kulipia semina. Semina ina tarehe, ina karatasi ya mahudhurio yenye saini, ina picha ya pamoja mbele ya bango. Mlango ulio wazi kila siku kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku hauna picha. Una kodi ya pango, LUKU, maji, na mtu anayekaa pale. Mtu huyo kwetu ni kaka mlezi: anamjua kila mtoto, anajua nani baba yake amesafiri na nani analala kwa shangazi. Kwenye fomu ya mfadhili huyo ni “gharama za utawala”, na utawala usizidi asilimia 10 ya bajeti. Pango ni utawala. Umeme ni utawala. Mhasibu ambaye wao wenyewe wanataka tuwe naye ni utawala. Ukijumlisha, asilimia 10 inaishia kwenye pango.

Kila mwandishi wa maandiko nchini anajua dawa yake. Kaka mlezi anakuwa “mwezeshaji wa stadi za maisha”, asilimia 80 ya muda wake. Chumba cha mbele kinakuwa “kituo cha ujifunzaji”. Si uongo, anawezesha kweli, na watu wanajifunza kweli. Lakini inachosha kukiita kitu kwa jina la ugenini ili kiruhusiwe kula. Nilimwambia dada yule hivyo hivyo, kwa lugha laini zaidi. Akacheka, akasema hata yeye kila mwaka analisema hilo kwenye vikao vyao.

Kisha likaja lile swali: mradi ukiisha, klabu itajiendeshaje? Nikamweleza habari ya viti. Tuna viti vya plastiki na maturubai mawili tuliyoyanunua kidogo kidogo, tunakodisha kwa shughuli za mtaani: harusi, maulidi, vikao vya vikoba, mahafali. Ndivyo vinavyolipa maji na sehemu ya umeme. Alifurahi sana. Akaomba nimtumie mpango wa biashara wa viti, wenye uchambuzi wa soko. Kabla ya saa 1 usiku.

Zamani tungelegea kidogo, tukajiambia huyu akikataa tutakwenda kwa mwingine. Siku hizi hapana. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka ule USAID, shirika lao la misaada, kazi zake zikawa zimefungwa. Sisi hatukuwa tukipokea fedha yao moja kwa moja. Tulikuwa chini ya taasisi kubwa iliyokuwa nazo, ikitulipia mafunzo ya vijana na sehemu ya mshahara wa mlezi. Barua ya kusitisha ilikuja ya aya mbili. Na taasisi zile kubwa hazikufa, zimeshuka kuomba kwenye vifungu vidogo tulivyozoea kuomba sisi, zikiwa na waandishi wa kuajiriwa na ripoti zenye rangi. Sisi tuna kompyuta moja inayozima ukichomoa waya.

Saa 8

Wali na samaki wa nazi kwa mama ntilie wa kona. Nakula huku naandika uchambuzi wa soko la viti. Mama ntilie ndiye mtaalamu wangu: nani anakodisha, anatoza shilingi ngapi, viti vya nani vimevunjika miguu. Alinipa soko zima la kata kabla sijamaliza mchuzi.

Saa 9 alasiri

Mlango umefunguliwa. Wasichana hutangulia, kwa makusudi. Saa 9 hadi saa 11 meza za keram na kompyuta ni zao. Mwanzo tulikuwa tunafungulia wote pamoja, wavulana wanajaza chumba, wasichana wanachungulia na kurudi. Hatukuhitaji semina ya jinsia kulitatua hilo, tulihitaji ratiba ukutani na kaka mlezi mkali kidogo. Wazazi nao waliridhika, kwa kuwa binti anarudi nyumbani kabla ya Magharibi.

Mimi niko stoo na kompyuta, mlango umerudishwa. Nasikia kete zinagonga, nasikia ugomvi wa nani kamficha malkia.

Saa 11 na nusu jioni

Viambatisho. Hati ya usajili, katiba, taarifa ya ukaguzi, barua ya mtendaji, orodha ya bodi, sera ya ulinzi wa mtoto. Mfumo wa mfadhili unakataa faili zito. Naiskani upya kwa simu, ukurasa mmoja mmoja, chini ya mkungu penye mwanga. Vijana wawili wananishikia karatasi zisipeperuke. Kiasi tunachoomba kinapita shilingi milioni 20, kwa hiyo tukipata, mkataba utapaswa kwenda kwa Msajili wa NGO pia. Naliandika hilo kwenye daftari kabisa, kwa matumaini.

Saa 12 na robo

Binti mmoja wa zamani wa klabu, alimaliza kidato cha nne, amesimama mlangoni na bahasha ya khaki. “Anti, una dakika?” Natazama saa. Namwambia akae.

Ni mkataba wa kazi za ndani, Omani. Upande mmoja Kiarabu, upande wa pili Kiingereza. Ametakiwa asaini kesho. Aliyeuleta ni jirani wa shangazi yake, anasema wakala yuko Dar es Salaam. Nasoma upande wa Kiingereza huku faili linapanda kwenye mtandao, asilimia 30, 31. Mshahara umeandikwa, saa za kazi hazikuandikwa. Siku ya mapumziko haipo. Jina la wakala halipo popote, kuna namba ya simu tu. Namtuma kijana amwite ustadhi wa madrasa ya jirani atusomee Kiarabu. Ustadhi anavaa miwani, anasoma polepole, anasema upande wa Kiarabu mshahara ni mdogo kuliko ule wa upande wa Kiingereza.

Binti hakulia wala hakukasirika. Aliuliza, “Sasa nikienda kwa njia ya halali, nianzie wapi?” Kwenda anataka, nyumbani kuna wadogo zake, na mimi si mtu wa kumwambia abaki akale hewa. Nikamweleza habari ya TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, na mawakala binafsi waliosajiliwa, kwamba mkataba usomeke sawa pande zote mbili, na nakala ya pasi yake aiache kwa mtu hapa. Tumekubaliana kesho asubuhi tupige simu pamoja, na asisaini kitu.

Dakika kumi kabla ya saa 1, mfumo ukaandika kwamba andiko limepokelewa. Kwenye safu ya “walengwa waliofikiwa” sijui ningemwandika wapi huyu binti. Hakuhudhuria chochote. Alipita tu akakuta taa inawaka.

Saa 2 usiku

Kaka mlezi anafunga madirisha, wavulana wanabishana kuhusu Simba na Yanga kana kwamba wanalipwa. Simu inaita: kuna msiba barabara ya pili, wanahitaji viti vyote na maturubai yote mawili, sasa hivi. Kwa msiba hatutozi, hata mpango wa biashara nilioutuma mchana unasema hivyo, kifungu cha nne. Kesho palikuwa na mteja wa kulipa, wa kikao cha harusi. Nampigia kumwomba radhi. “Aa, msiba wa nani?” anauliza. Nikamtajia. Akasema basi na yeye anakuja huko, tumpitie atusaidie kubeba. Wavulana wameshaanza kuvitoa viti, kumi kumi, wanahesabu kwa sauti hadi barabarani.