Ukiwa Mbeya, ofisi ya udahili wa udaktari ikiwa Uingereza

Kila ikikaribia Oktoba, sisi tulioko Uingereza tunaanza kupokea ujumbe kutoka Mbeya, Iringa na Njombe: "Anko, nipigie chuo, niulizie ombi langu la udaktari limefikia wapi." Kwa mtu aliyekulia kwetu ni jambo la kawaida. Mambo ya ofisini huenda haraka akisimama mtu mzima anayefahamika. Huku ofisi ya udahili itamjibu anko kitu kimoja tu, kwamba hawawezi kuzungumza naye. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2018 inawabana kiasi kwamba hawatakiri hata kama jina lako wanalo. Anko akipandisha sauti, atakachokuwa amekuachia ni maelezo kwenye faili lako kwamba tarehe fulani alipiga mtu akafoka.

Njia halali ipo, ila wengi wanairuka wakati wa kujaza fomu. Karibu maombi yote ya shahada ya kwanza yanapitia UCAS, ule mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, na ndani ya fomu yake kuna sehemu ya kumtaja mtu mmoja unayemruhusu kuzungumza kwa niaba yako. Mtaje hapo mzazi, shangazi au huyo anko, kwa jina lake kamili na uhusiano wenu. Akipiga ataulizwa namba yako ya UCAS yenye tarakimu 10 pamoja na taarifa zako nyingine, kwa hiyo mwandikie zote kwenye karatasi. Nenosiri usimpe. Na usiweke anwani ya anko ya Birmingham kama ndiyo makazi yako. Unaishi Tukuyu, andika Tukuyu. Anwani ya Uingereza kwa mtu aliyesoma Tanzania maisha yake yote inaibua maswali ya ada, na ombi linakwenda dawati jingine likachunguzwe kwanza. Wapo wanaoamini kwamba ndugu mwenye pasipoti ya Uingereza atawapatia ada ya wenyeji. Kinachoangaliwa ni makazi na hadhi ya uhamiaji ya mwombaji. Ada ya udaktari kwa anayetoka nje, kwenye vyuo vingi, inazidi pauni 40,000 kwa mwaka, na mtu wa ofisi hana uwezo wa kuipunguza hata umlilie.

Mwenye kujibu barua pepe siye anayekuchagua. Yeye anapokea nyaraka, anahakiki vigezo, anapanga usaili na kutuma majibu. Wachaguzi ni madaktari na wahadhiri wanaokaa pembeni na alama zako za mtihani, maelezo yako binafsi na matokeo ya usaili. Kumwomba afisa akusaidie kwa sababu alama za UCAT, mtihani wa kupima waombaji wa udaktari, zimepungua kidogo ni kumwomba kitu asichokuwa nacho. Anachoweza kukupa ni taarifa sahihi mapema, na hiyo ina thamani kubwa, kwa kuwa UCAS inakuruhusu kuomba udaktari kwenye vyuo vinne tu. Nafasi ya tano ni ya kozi nyingine. Chuo kimoja kisichokubali ACSEE, yaani matokeo yetu ya kidato cha sita, kinakula robo ya karata zako. Tena nafasi za wageni zenyewe ni chache: kwa England, serikali imeweka ukomo wa asilimia 7.5 hivi ya nafasi za udaktari.

Kwa hiyo barua muhimu kuliko zote ni ile unayoandika kabla ya kuomba. Iandike Julai, mara NECTA wakishatoa matokeo ya kidato cha sita. Usisubiri Oktoba. Kwanza soma ukurasa wa vigezo wa kozi, kisha ukurasa wa nchi yako. Vyuo vingi vinao na Tanzania imo. Ukiuliza jambo ambalo limeandikwa pale, utatumiwa kiungo cha ukurasa uleule, na wiki yako imekwenda. Uliza kile ambacho ukurasa umekiacha.

Kichwa cha barua kibebe jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, msimbo wa kozi, mwaka wa kuanza na maneno machache ya jambo lenyewe. Msimbo A100 ni kozi ya kawaida ya udaktari. A101 kwa kawaida ni ya wenye shahada tayari, na A104 mara nyingi imetengwa kwa wanafunzi wa Uingereza waliosoma katika mazingira magumu, kwa hiyo usiikimbilie kwa kuona tu vigezo vyake viko chini. Ukishatuma ombi, namba ya UCAS ndiyo itangulie. Barua yenyewe kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Ndugu Timu ya Udahili, mimi ni mwombaji kutoka Tanzania, nategemea kuanza A100 Septemba mwakani. Nimemaliza ACSEE mwaka huu: Fizikia B, Kemia A, Baiolojia A. Ukurasa wenu unataja vigezo vya A-level ya Uingereza lakini hautaji ACSEE. Je, mnaikubali ACSEE peke yake kwa A100, na kwa alama zipi? Natanguliza shukrani."

Imetosha. Salamu zetu za kamwene na ugonile tuzibakize kwa watu wetu. Aya nzima ya kumtakia afisa afya njema yeye na familia yake inalisukuma swali chini ya kioo cha simu, na anayesoma barua mia kwa siku anaweza asilifikie. Usiandike kuhusu hali ya nyumbani wala ndoto ya utotoni. Hayo yana mahali pake kwenye maelezo binafsi ya UCAS, ambayo sasa ni maswali matatu yenye jumla ya herufi 4,000 pamoja na nafasi zake. Swali moja kwa barua moja, mawili yakizidi. Ukiuliza sita utajibiwa mawili yaliyo rahisi. "PCB" na "divisheni wani" havina maana yoyote kwao, taja somo na alama yake. Tena usitume barua ileile kwa ofisi ya udahili, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na mkuu wa kitivo kwa mpigo. Mara nyingi zinaishia kwenye mfumo mmoja wa tiketi, yaani namba za kufuatilia maswali, zinaunganishwa, na tiketi iliyounganishwa inaweza kurudishwa nyuma ya foleni.

Viambatisho ndivyo vinavyowaumbua wengi. Cheti kilichopigwa picha kwa simu kikatumwa WhatsApp kwa kaka, kaka akakituma kwa barua pepe, kinafika kimebanwa hadi namba ya mtihani haisomeki. Nenda steshenari ya Mwanjelwa au ya Mafinga mjini, skani cheti halisi kwa rangi, kurasa zote kwenye PDF moja, kisha ikuze kwenye kioo uone kama mhuri unasomeka. Faili liite kwa jina lako na aina ya nyaraka, maana "scan0004" ziko mamia pale ofisini. Kama chuo kinataka nakala iliyothibitishwa, wakili agonge mhuri kabla ya kuskani. Kikitaka matokeo moja kwa moja kutoka NECTA, nakala yako ya PDF haitapokelewa hata ing'ae namna gani. Omba NECTA wayatume wenyewe, na uanze mapema.

Jina nalo lina kesi yake. Pasipoti inatenganisha jina la ukoo na majina mengine, lakini cheti cha shule kinaweza kuwa na jina la babu limekatwa likabaki herufi moja, au kikakosa kabisa jina ambalo pasipoti inalo. Kwa afisa wa huku hao ni watu wawili. Andika UCAS kama pasipoti ilivyo, halafu tuma maelezo mafupi yenye cheti cha kuzaliwa cha RITA na, kama jina lilibadilishwa, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Tuma kabla hujaulizwa. Ukingoja, utaulizwa Desemba wakati wenzako wanaitwa usaili.

Kuna na suala la JKT, ambalo ofisi za huku hazilijui kabisa. Kidato cha sita wanamaliza mtihani Mei, wanaitwa kambini, labda Mafinga au Itende, na huko huna uhuru wa simu. Mtihani wa UCAT unafanyika kati ya Julai na mwishoni mwa Septemba, mara moja tu kwa msimu, na dirisha la kubuku hufungwa siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ya mtihani. Fungua akaunti kabla ya kuripoti kambini, buku tarehe za mwisho za Septemba, na ujue ada kwa anayefanyia nje ya Uingereza ni kubwa zaidi. Na usiwaandikie Oktoba kuuliza kama alama zako zimefika. UCAT huzipeleka wenyewe vyuoni mwanzoni mwa Novemba. Kabla ya hapo afisa hana cha kuona.

Barua ya mapendekezo ndiyo inayochelewesha maombi kuliko kitu kingine chochote. Kama shule yako haijasajiliwa UCAS, unaweka barua pepe ya mwalimu, naye anatumiwa kiungo. Kiungo kinaingia kwenye barua taka, au mwalimu yuko likizo Ludewa na bando limekwisha. Bila barua hiyo ombi halijatumwa. Mwisho ni tarehe 15 Oktoba saa 12 jioni kwa saa za Uingereza, yaani saa 2 usiku kwenu. Mpe mwalimu mwezi mzima, na utumie barua pepe ya shule kama ipo, kwa sababu anwani ya Gmail kwa mkuu wa shule inaweza kuzua mashaka na maswali ya uhakiki. Ofisi ya udahili haina uwezo wa kuisogeza tarehe ya UCAS, hata TANESCO wawe wamekata umeme tangu asubuhi.

Simu ipigwe pale tu jambo lina saa chache: mwaliko wa usaili wenye tarehe ya kesho, au kiungo cha usaili wa mtandaoni kisichofunguka. Ofisi nyingi zinafungua saa 3 asubuhi ya huku, ambayo majira ya joto ni saa 5 asubuhi Mbeya. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakirudisha saa zao nyuma, inakuwa saa 6 mchana. Jumamosi na Jumapili hakuna mtu, na kuanzia mkesha wa Krismasi hadi baada ya mwaka mpya ofisi huwa zimefungwa. Wiki ya 15 Oktoba na siku ya matokeo ya A-level katikati ya Agosti, laini hazishikiki. Ukishapata mtu, taja namba ya UCAS kabla ya jina, sema shida kwa sentensi moja, uliza anaitwa nani, mwishoni muombe athibitishe kwa barua pepe. Mwenye mtandao wa kukatika ajitambulishe na kutoa namba ya kupigiwa mapema kabisa, laini isije ikakata katikati.

Utakutana na asiye na adabu, au aliyechoka. Jibu kavu la mstari mmoja huku mara nyingi si dharau, ndivyo wanavyoandika. Lakini wapo wanaojibu swali ambalo hukuuliza, na wapo wawili wanaotofautiana: mmoja anasema ACSEE inatosha, mwingine anasema hapana. Usimkabili wa pili kwa hasira. Nakili jibu la kwanza, lenye tarehe, uliza lipi ndilo msimamo wa chuo. Ukinyamaziwa, subiri siku kumi za kazi kisha jibu juu ya barua yako ileile; usianze mpya, historia yote itapotea. Zaidi ya hapo kuna utaratibu wa malalamiko kwenye tovuti ya kila chuo, na kuutumia si kosa. Matusi ndiyo kosa. Udaktari ni kozi ambayo tabia inapimwa, na vyuo vinaweza kuhifadhi barua za kejeli kwenye kumbukumbu za mwombaji.

Shukrani nazo ziwe za maneno. Pakiti ya chai ya Mufindi au kahawa ya Mbozi ukipeleka kwa afisa ambaye bado anashika faili lako, unamweka pabaya. Ipo sheria ya rushwa ya mwaka 2010, na ofisi za umma huku huandika zawadi kwenye daftari, au huirudisha.

Ukikataliwa, unaweza kuomba mrejesho, ila vyuo vingi vinaweka muda maalumu na vinatoa alama tu bila maelezo marefu. Rufaa husikilizwa kama utaratibu ulivunjwa, mfano alama zako ziliingizwa vibaya. "Nilistahili" haitaangaliwa. Na wanaofikiria Marekani waelewe kwamba huko mlango ni mwingine kabisa: shule nyingi za udaktari zinadai masomo ya chuo kikuu cha Marekani au Kanada kwanza, na AMCAS, mfumo wao wa maombi ya udaktari, haipokei matokeo ya vyuo vya nje, kwa hiyo kidato cha sita hakina pa kuombea.

Ukikubaliwa, unahamia kwa watu wengine. Afisa udahili amemaliza; sasa ni dawati la CAS, ile hati ya chuo inayotangulia viza. Watataka malipo ya awali na nakala ya pasipoti, kisha watakutumia rasimu uhakiki. Fedha unazoonyesha kwa ajili ya viza ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kinachotolewa na IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) Dar es Salaam kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikifanye mapema mno. Kagua rasimu herufi kwa herufi: majina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza, kiasi ulicholipa. Ukikuta kosa, andika siku hiyohiyo kwa dawati la CAS ukiambatanisha ukurasa wa pasipoti, na usilipie viza hadi toleo lililorekebishwa lifike.