Mjomba, Wewe Huchezi

Wiki hii mama ametoka hospitali na idara yetu imepata bosi mpya, lakini kinachoninyima usingizi ni maneno ya binti wa dada yangu, aliyoyasema baada ya kufungwa drafti, akipanga kete upya bila hata kuniinulia macho: "Mjomba, wewe huchezi. Unashinda tu."

Nilimwuliza kwani watu hucheza kwa ajili gani kama si kushinda. Akajibu, "Basi cheza na kompyuta." Nimeyarudia mazungumzo hayo nikipiga mswaki, nikiwa kikaoni, nikimsikiliza daktari wa mama, na kinachonichoma ni ule utulivu wake. Angekuwa amenuna, ningesema ni uchungu wa kufungwa.

Tena kompyuta! Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba drafti ya miraba 64, kwa kanuni za Kiingereza, wameshaimaliza: pande zote mbili zisipokosea, matokeo ni sare. Hesabu yenyewe ilianza mwaka 1989. Kwa hiyo katika mchezo huo hakuna ushindi ila mwenzako akosee, na mwenzangu mimi ana miaka tisa.

Jana tukacheza ludo, ambayo nilikuwa nikiidharau kwa sababu dadu haimjali mwerevu wala mjinga. Yeye huipuliza dadu, huibembeleza, na akipata sita huacha kuisogeza kete iliyokaribia kufika, akaitoa nyingine ndani, ati ya mbele imsubiri mwenzake. Nikimla anacheka, akinila anacheka vilevile. Karata ndizo haziwezi kabisa, kwa kuwa uso wake hutangaza kila alichoshika, ilhali nusu ya karata ni kuficha. Nilijikuta nami naisihi dadu kwa sauti, mtu mzima, mpaka mama akatukemea kutoka chumbani, nasi tukazidi kucheka. Nilifungwa vibaya na nikaomba turudie. Drafti siiachi, lakini sikumbuki mara ya mwisho drafti iliponichekesha.

Sasa kuna kliniki ya mama Alhamisi. Dada atakuwa safarini, na huyu bosi mpya sijajua ni mtu wa kuombwa ruhusa kwa namna gani, wala kama nimwandikie leo au nisubiri Jumatatu nimwone uso kwa uso.