Mradi wa katuni, wiki ya tatu: michoro 64 kati ya 96

Haya jamani nimerudi, nilipotea kidogo. Kwa wageni, natengeneza katuni ya sekunde 12 kwa mkono, karatasi na penseli basi, vile alivyofanya Émile Cohl, yule Mfaransa wa Fantasmagorie, filamu fupi ya katuni ya 1908. Hesabu yake ndo ilinivuta. Alichora michoro kama 700, kila mmoja akaupiga picha mara mbili, ukigawa kwa picha 16 kwa sekunde unapata karibu dakika moja na nusu. Nami nikachukua michoro 8 kwa sekunde, jumla 96. Nikasema hii wikiendi mbili tu. Thubutu!

Yeye alichora juu ya kioo chenye taa chini yake ili aone mchoro uliopita. Mimi nimechomoa kioo cha picha ya harusi (wife bado hajajua, tuombeane), nikakiegesha juu ya vitabu, tochi ya simu chini. Inafanya kazi ila simu inachemka balaa.

Jumapili nikaunga michoro 20 ya kwanza niicheki, aisee, jamaa yangu wa kwenye katuni anatetemeka kama ana malaria, kumbe kila nikiweka karatasi mpya inahama kidogo tu na hicho kidogo kwenye video kinaonekana chote. Nikatoboa karatasi zote kwa panchi, nikapigilia misumari miwili kwenye ubao, sasa kila moja inakaa palepale. Zile 20 zimewashia jiko.

Utamu uko mchoro wa 41 mpaka 52. Kwa Cohl chupa inageuka ua, kwangu birika linageuka kuku: mdomo wa birika unarefuka unakuwa shingo, mkono unafunguka unakuwa mkia, kifuniko kinachanika kinakuwa kishungi. Sekunde moja na nusu, nimekaa nayo siku nne. Hapo ndo nikaelewa kwa nini hakuhangaika na mandhari wala rangi, mstari mtupu hauna deni na kitu chochote, unaupeleka unapotaka. Ile mistari yake myeupe kwenye weusi ni filamu ya negativu tu (nyeusi inatoka nyeupe, nyeupe inatoka nyeusi), mimi nabonyeza kitufe kimoja kwenye simu, hapo nimemzidi mzee.

Na mzee kweli, alikuwa na miaka 51, tayari ameshachora vikaragosi na katuni za magazeti miaka na miaka. 1912 akaenda Fort Lee kule New Jersey, Marekani, na kampuni ya filamu ya Éclair, akaigeuza katuni ya gazetini ya George McManus, The Newlyweds, kuwa mfululizo wa filamu. Karibu filamu zote hizo zikateketea kwenye moto wa 1914. Nilivyosoma hiyo niliamka saa saba usiku kuskani kila nilichonacho.

Zimebaki 32. Kuku hajataga bado.