Majirani wa Mji Mkongwe

Anayetembezwa Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa kawaida huelezwa kila jengo peke yake: hili ni la sultani fulani, lile ni la mfanyabiashara fulani, kanisa lile ni la askofu fulani, kisha msafara unasonga mbele. Maelezo hayo si ya uongo, lakini naona yanaficha jambo linaloupa mji huo utamu wake wote, nalo ni kwamba watu hao waliishi wakati mmoja, wengi wao walifahamiana, walikopeshana fedha, walihasimiana, na wengine walikuwa watoto wa baba mmoja. Majumba yao yamekaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kuyazunguka kwa miguu asubuhi moja bila haraka.

Jina linalojitokeza karibu kila kona ni la Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Beit al-Ajaib, lile jumba refu la ghorofa lenye nguzo za chuma na baraza pana zinazotazama bahari, alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na fahari ya dola, wala si kwa makazi. Bafu za Hamamni ni zake, na mabomba yaliyoleta maji safi mjini kutoka chemchemi za nje ya mji yalilazwa katika enzi yake. Ni rahisi kumchukulia kuwa mtawala mpenda maendeleo na kuishia hapo. Lakini miaka kumi na mmoja kabla ya kukalia kiti, Barghash huyohuyo alijaribu kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid, akashindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid, na akapelekwa uhamishoni Bombay. Wengi huamini kwamba aliyoyaona katika mji ule mkubwa wa Bahari ya Hindi ndiyo yaliyomfanya baadaye atamani maji ya bomba na majumba ya fahari nyumbani kwake, na mimi naona dhana hiyo ina mantiki.

Katika njama ile ya mwaka 1859 alikuwamo dada yao, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Wasichana wa nyumba ya kifalme walifundishwa kusoma tu, lakini Salme alijifunza kuandika kwa siri, na kwa sababu hiyo akawa mwandishi wa barua za waasi akiwa bado binti wa miaka kumi na mitano hivi. Njama iliposhindwa, alipatana na Majid, jambo ambalo Barghash hakulisahau. Baadaye Salme alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake. Alipopata mimba yake, alitoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa Aden kwa jina la Emily na kufunga ndoa hukohuko mwaka 1867. Mumewe alifariki mwaka 1870 katika ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo katika nchi ya ugenini. Aliporudi Zanzibar mwaka 1885, safari hii chini ya kivuli cha manowari za Kijerumani, Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa sultani, alikataa kumpokea. Makumbusho ya Kasri, hatua chache tu kutoka Beit al-Ajaib, yametenga chumba kwa ajili yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho chumba cha kukaliwa muda mrefu kuliko vyote vya jengo hilo, kwa kuwa mambo ya ufalme mzima yanaonekana humo kupitia ugomvi wa ndugu watatu.

Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, imesimama jirani na haihitaji maelezo marefu.

Mtaa wa Mkunazini ni habari nyingine. Mnamo Juni 1873, akishinikizwa na balozi wa Uingereza, John Kirk, na kutishiwa kuzingirwa na manowari, Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa. Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana liliwekwa kwenye eneo la soko hilo. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa msomi mkubwa wa Kiswahili, na ambaye amezikwa nyuma ya madhabahu. Wenyeji husimulia kwamba saa ya mnara ilitolewa na Barghash mwenyewe, kwa sharti kwamba mnara usiipite Beit al-Ajaib kwa urefu. Iwe kweli au hadithi, inawafaa watu wote wawili. Nje ya kanisa, katika shimo lililo wazi, zimesimama sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Ndani upo msalaba uliochongwa kutokana na mti ambao chini yake moyo wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mwingereza aliyepinga utumwa, ulizikwa huko Chitambo, katika Zambia ya leo.

Livingstone huyo alipokuwa bara mwaka 1867 alisaidiwa na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye nyumba yake iko mtaa wa Shangani. Adui wa utumwa aliokolewa na mwenye misafara! Tippu Tip naye alikopeshwa mtaji na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kukodi ushuru wa forodha wa sultani, yaani kumlipa sultani ili apate haki ya kuukusanya. Topan ndiye aliyeanzisha lile jengo zuri la ufukweni lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, linaloitwa Zahanati ya Zamani, ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1887 kwa heshima ya jubilei ya Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Haiyumkiniki kulitazama jengo la tiba, lililokusudiwa kumpendeza malkia wa Uingereza, bila kukumbuka kwamba sehemu ya utajiri wa mwenyewe ilipitia katika misafara ya bara.

Anayetaka kuyaona haya kwa wakati ahesabu kwamba majengo haya hayadumu yenyewe. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ilibomoa Beit al-Hukm, jumba jingine la kifalme, katika vita visivyomaliza saa moja, dhidi ya Khalid, mwana wa Barghash. Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili, ingawa Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mimi humshauri mgeni aanzie Mkunazini, ashukie Shangani, kisha amalizie Kasri, ili afike kwa Barghash na Salme akiwa tayari anawajua majirani zao.