Mbuni wangu wa sebuleni na maji ya kisima

Majani ya mbuni, yaani mti wangu wa kahawa, yalianza kukauka kwenye ncha, kisha kahawia ikatambaa ukingoni kama chai iliyomwagika kitambaani. Kwanza nilishuku joto, maana kahawa ya arabika hupenda nyuzi 15 hadi 24, na Mombasa wakati wa kaskazi hupita 30. Lakini mnanaa wa kando yake nao ulikuwa vivyo hivyo, na juu ya udongo pamefanya utando mweupe. Chumvi!

Maji ya mfereji mtaani kwetu huja yakijisikia, kwa hivyo tunanunua ya kisima kwa mkokoteni. Mbuni hauyawezi hayo yenye chumvi: udongo unakuwa chepechepe, na mizizi bado inashindwa kunywa.

Nilimimina maji ya mvua mengi chunguni mpaka yakachuruzika chini, kesho yake nikarudia. Siku hizi nakinga mvua, na kiangazi natumia matone ya kiyoyozi. Hayana chumvi, ila hayana madini pia, basi mbolea kidogo ni lazima. Dirisha la magharibi nimelitia pazia jepesi. Majani yaliyoungua hayarudi kijani, nimeyakata. Mapya yanatoka mazima. Buni zenyewe zitachukua miaka. Mnanaa tunautia chaini tayari.