Namba ngeni zilivyokoma kumsumbua binti yangu WhatsApp

Binti yangu ana miaka 15, tunaishi Pasua hapa Moshi. Alikuwa anaingizwa kwenye magrupu ya WhatsApp na watu asiowajua: leo "ajira za mtandaoni", kesho mtu anajiita Anko anaomba picha. Shangazi yake akashauri tumnyang'anye simu. Nilikataa. Ataazima ya rafiki, na akisumbuliwa huko hatakuambia kitu.

Tulikaa naye, simu mkononi mwake, anabonyeza mwenyewe. Mipangilio ya WhatsApp, Faragha, kisha Makundi: tukaruhusu waliomo kwenye orodha ya namba zake tu. Asiyekuwemo sasa hawezi kumwingiza kwenye grupu, labda amtumie mwaliko. Picha ya wasifu nayo tukaifungia wageni. Maana alikuwa amevaa sare, na nembo ya shule inasomeka vizuri kabisa! Humo humo kwenye Faragha, sehemu ya Simu, tukanyamazisha wapigaji wasiojulikana. Wakipiga haiiti, ila namba inabaki kwenye orodha.

Yule Anko tulimshughulikia kwa utaratibu. Kwanza tukapiga picha za skrini, namba na tarehe zikionekana, ndipo tukamripoti na kumzuia humo humo WhatsApp. Ukianza kwa kufuta mazungumzo, utapeleka nini dawati la jinsia na watoto polisi? Pia nilimwekea 116 kwenye simu, namba ya bure ya kusaidia watoto, kwa siku ambayo hatataka kuongea na mimi.

Magrupu yamekoma. Mwaliko mmoja ulikuja, akaupuuza, akanionyesha jioni huku anacheka.